Habari ya «ta» na habari ya «me»

Tangu mwaka wa 1999, wakaaji wa mashariki ya inchi yetu wamesikia mara ngapi ku redio kama «wamesaini»? Tujaribu kuhesabu, bila kutaja yote. Lusaka, tarehe 10 mwezi wa 7, 1999. Pretoria, mwezi wa 12, 2002. Sun City, mwezi wa 4, 2003. Goma, mwezi wa 1, 2008. Goma tena, tarehe 23 mwezi wa 3, 2009, siku yenye ilikuja kuzaa jina la M23. Addis-Abeba, mwezi wa 2, 2013. Nairobi, mwezi wa 12 wa mwaka ule ule. Luanda, safari na safari. Washington, tarehe 27 mwezi wa 6, 2025. Doha, mwezi wa 7. Washington tena, tarehe 4 mwezi wa 12, na safari hii maraisi wenyewe walikuwa mezani. Wiki moja haikuisha, M23 ikaingia Uvira.

Watu wengi wamechukua mu mambo haya somo moja tu: wote ni waongo, tufunge redio tulale. Sisi hatuko na shauri hilo. Mutu mwenye kufunga redio habaki bila habari. Anabaki na habari ya jirani, na ya dereva wa taksi, na ya shemeki mwenye kutuma video usiku. Tumeona mara nyingi kama yule mwenye kusema «siamini kitu» ndiye wa kwanza kuamini jambo la ajabu kabisa, juu tu alielezwa na mutu wa kwao.

Kwa hiyo tunatoa hapa chombo kimoja kidogo. Hakiombi diploma, na hakiuzwi. Kiko ndani ya luga yetu yenyewe. Mu Kiswahili, jambo lenye lilifanyika linabeba «me» ao «li»: wamejenga, walirudi. Jambo lenye halijafanyika linabeba «ta»: watajenga, watarudi. Mutoto wa miaka 4 anajua tofauti. Mama akimuambia «nitakupa mukate», analia bado, akipewa, ananyamaza. Lakini sisi wazee, tukifika mbele ya redio, tunasikia «ta» na tunaruka kwa furaha kama watu wenye wamekwisha kupewa.

Masikilizano ya amani, hata yakiandikwa vizuri namna gani, yako na «me» moja tu: wamesaini. Yote yenye inafuata ni «ta». Wataacha kupigana. Watarudisha majeshi yao nyuma ya mupaka. Watafungua njia. Watanyanganya makundi silaha. Wakimbizi watarudi. Redio inachukua ile «me» moja na kuiweka mbele, ku kichwa cha habari, na zile «ta» 20 zinapita nyuma kama muzigo wa lori lenye kufunikwa na hema.

Tuangalie Lusaka kwa karibu. Siku ile watu waliambiwa kama vita ya Kongo imekwisha. Lakini nani alisaini tarehe 10 mwezi wa 7? Serkali 6: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Waasi hawakusaini siku ile. MLC ya Jean-Pierre Bemba ilisaini tarehe 1 mwezi wa 8. RCD, yenye ilikuwa imepasuka ndani, ilingoja mpaka tarehe 31. Na katikati ya tarehe hizo mbili, Rwanda na Uganda, inchi mbili zenye zilikuwa zimekwisha kusaini, zilipigana mu Kisangani, muji wenye hauko wa moja wala wa ingine. Mwaka uliofuata, mwezi wa 6, zilipigana pale tena siku 6 muzima. Watu wa Kisangani hawahitaji gazeti kuwaeleza hiyo.

Nairobi ya 2013 ni mufano mwingine, na huu tunaupenda zaidi juu hapa jambo lilikuwa wazi mbele ya macho. Magazeti mengi yaliandika kama serkali na M23 wamesaini masikilizano. Hapana. Kulikuwa karatasi 3. M23 ilisaini yake, yenye kusema kama inaacha vita. Serkali ilisaini yake. Ya tatu, yenye kuunganisha zile mbili, ilisainiwa na wasimamizi, maraisi wa Uganda na wa Malawi. Mwezi mmoja mbele yake, mu Kampala, kila kitu kilikuwa kimekwama juu ya neno moja: serkali ilikataa karatasi iitwe «masikilizano», juu haikutaka ionekane sawa na kundi lenye jeshi lilikuwa limekwisha kulishinda ku uwanja. Mwenye alisoma kichwa cha habari tu, alilala na amani. Mwenye aliuliza «nani alisaini nini?» aliweza kuona mapema kama siku moja kila upande utasema: mimi nilitimiza yangu, yule ndiye alikosa. Na ndivyo ilikuja kusemwa, mwaka kwa mwaka, mpaka bunduki zikarudi ku milima ya Rutshuru mwisho wa 2021.

Lakini tuseme na upande mwingine, juu jicho la kuangalia vizuri haliko jicho la hasira. Ile «ta» ya Pretoria, ya mwezi wa 12, 2002, watu waliicheka. Raisi mmoja na makamu 4? Maadui wa jana mu serkali moja? Hata vile, mwezi wa 6, 2003, serkali ile ilisimama mu Kinshasa. Mistari ya vita yenye ilikuwa imekata inchi vipande vitatu ikafunguka, mutu akaweza tena kutoka Kisangani kwenda Kinshasa bila kupita inchi ya wengine. Mwaka wa 2006 watu walipiga kura. Vita ilibaki mu Kivu na Ituri, hatusahau. Lakini mwenye alisema 2002 kama yote ni uongo, mambo yalimupita vilevile.

Juu ya nini tunasumbuka hivi na herufi mbili? Juu kuna watu wenye kutembea kwa kufuata habari. Mu Kinshasa, habari ya Luanda ao ya Washington ni mazungumuzo ya jioni, pombe inaisha, watu wanaenda kulala. Mama mwenye alikimbia Masisi na kujenga kahema ku Kanyaruchinya, yeye akisikia kama wamesaini, anaanza kupiga hesabu: wakati wa kupanda umefika, mbegu iko wapi, nani alibaki na shamba, mutoto mukubwa atangulie kuangalia? Mwezi wa 7, 2024, walitangaza kutoka Luanda kama bunduki zitanyamaza tangu tarehe 4 mwezi wa 8. Waliosikilizana ni Kongo na Rwanda, mbele ya Angola. M23 haikuwa mu karatasi ile. Kwa huyu mama, hilo si jambo dogo la wanasheria. Nani anasimama ku bariera ya njia ya kwake? Kama ni mutu mwenye hakusaini, basi karatasi ile haikufika bado ku njia yake. Na mapigano yaliendelea kweli, mpaka mwisho wa mwezi wa 1, 2025, Goma yenyewe ikaanguka.

Kuna «ta» ingine, yenye kujificha zaidi, na hiyo inatoka ku Kifaransa. Wandugu zetu wa kurasa za Kifaransa wako na namna moja ya kuandika, inaitwa kondisionele. Wakipata habari yenye hawajahakikisha, wanaandika «auraient été tués». Musomaji wa Kifaransa anaelewa: inasemekana, lakini gazeti haliweke mukono wake mu moto. Sasa leta sentensi ile mu Kiswahili. Unapaswa kusema «inasemekana kama waliuawa», ao «kufuatana na musemaji wa jeshi, waliuawa». Maneno yanakuwa marefu. Mutangazaji wa redio iko na dakika 3, anakata: «waliuawa». Tayari kitu chenye kilikuwa moshi kimekuwa jiwe. Kutoka redio kinaenda soko, kutoka soko kinaenda kanisa, na kila fasi kinanenepa. Tuseme tangazo la asubui lilikuwa na waasi 30. Saa ya kulala wako 50, na kuna mutu mwenye aliwaona.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, ukisikia hesabu ya wafu wa vita siku ile ile ya mapigano, uliza kwanza: nani alihesabu? Musemaji wa jeshi anahesabu wafu wa adui. Musemaji wa waasi vilevile. Kila mumoja anahesabu fasi yenye hakuweza kufika. Wenye kuhesabu kweli, watu wa Croix-Rouge ya pale, ma infirmiye, mashefu wa mitaa, wanaanza kazi yao siku mbili ao tatu kisha, wakati redio imekwisha kwenda ku habari ingine. Hesabu ya kweli inakuja kila mara na kuchelewa, na haipewi kichwa kikubwa.

Na hapa tunafika ku hesabu moja yenye inauma. Kila mutu anasema kama vita ya Kongo iliua watu milioni 6. Wengine wanapandisha mpaka 10. Hesabu hii ilitoka wapi? Ilitoka ku shirika la International Rescue Committee, lenye lilitembeza watu nyumba kwa nyumba mu mafasi mbalimbali ya inchi, mara 5, tangu 2000 mpaka 2007. Mu mwezi wa 1, 2008, lilitangaza hesabu: karibu watu milioni 5,4 wenye walikufa zaidi ya vile wangekufa kama hakungekuwa vita, tangu mwezi wa 8, 1998 mpaka mwezi wa 4, 2007. Sehemu kubwa sana hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, magonjwa ya kifua, njaa: dawa haikufika, shamba liliachwa, mama alizalia mu pori. Wataalamu wengine walikatalia hesabu ile. Walisema hatujui vizuri watu wangapi walikuwa wakifa mu Kongo mbele ya vita, kwa hiyo huwezi kujua vizuri wenye waliongezeka. Mabishano yale hayakwisha.

Kuna wenye watatukasirikia: munataka kupunguza wafu wetu? Hapana. Mutoto mwenye kufa na malaria juu kituo cha afya kilichomwa, huyo ni mufu wa vita, hata kama hakuna tundu la risasi ku mwili wake. Lakini tunapogeuza hesabu ile, tunaposema «milioni 6 walichinjwa» ao tunajipandishia mpaka 10 bila mutu kuhesabu, tunapatia wenye kukana mambo yetu mulango wazi. Wataonyesha kosa moja la hesabu, na kwa kosa lile watafuta yote. Wafu wetu wanahitaji hesabu yenye kusimama yenyewe. Hawahitaji makelele.

Tumesema «tunapogeuza», juu ugonjwa hauko wa redio peke yake. Angalia telefone. Kila vita inapopanda, telefone zinajaa video. Nyingine ni za kweli, na watu walihatarisha maisha kuzipiga. Nyingine zinatoka inchi ingine kabisa, ao ni za miaka 10 iliyopita. Kabla ya kutuma, angalia chini, si katikati. Goma inajengwa juu ya mawe meusi yenye Nyiragongo ilimwaga. Video yenye udongo mwekundu na michikichi haiko Goma, hata kama sauti inalia «Goma, Goma». Angalia maandiko ku ukuta na ku maduka. Sikiliza watu wa nyuma wanazungumuza luga gani. Angalia mvua: kama tuko mwezi wa 11 na watu wanatembea mu vumbi kavu, uliza. Hiyo ni kazi ya dakika 2, na haipunguzi mega nyingi.

Lakini kazi ngumu zaidi haiko ku video za adui. Iko ku habari yenye inatupendeza. Habari yenye kutukasirisha tunaichunguza sawa askari wa bariera: karatasi iko wapi, ulitoka wapi, fungua mufuko. Habari yenye kutufurahisha inapita bila kusimamishwa, tunaipungia na mukono. «Jeshi letu limekamata tena muji fulani.» Nani alifika mu muji ule? Meya alirudi? Soko lilifunguliwa? Kama jibu halipo, basi furaha ingoje kidogo. Kupenda inchi yako hakukulazimishe kuamini kila tangazo la musemaji wake. Tena, mutu mwenye kupenda jeshi lake anataka kujua kama kweli askari wale wako na chakula na musaada, ao wameachwa pale peke yao na tangazo.

Musifikiri jambo hili ni letu sisi maskini tu, kwamba kule ng'ambo wenye magazeti makubwa wameponyoka. Tarehe 5 mwezi wa 2, 2003, Colin Powell, waziri wa Marekani, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuonyesha picha na michoro, kwamba Irak inaficha silaha za hatari kubwa. Magazeti yenye heshima duniani yaliandika na kuandika. Wiki 6 zilipita, vita ikaanza. Silaha zile hazikuonekana mpaka leo. Mwaka uliofuata, New York Times yenyewe iliandikia wasomaji wake kama haikuchunguza vizuri habari zingine zenye ilitoa juu ya silaha zile. Wenye walilipa hawakuwa wasomaji wa New York. Kwa hiyo hata habari ikivaa kravati na kuzungumuza Kiingereza kizuri, iulize sawa unavyouliza ya jirani: wewe ulijuaje?

Turudi nyumbani, tucheke kidogo. «Ta» yenye kuishi sana mu inchi yetu haiko ya vita, ni ya umeme. Inga ya kwanza ilianza kazi 1972. Ya pili, 1982. Tangu hapo tunaishi mu «ta» ya Inga 3. Mwezi wa 5, 2013, walitangaza kutoka Paris kama kazi itaanza mwezi wa 10, 2015. Mwezi wa 3, 2014, Banki ya Dunia ilikubali kutoa dolari milioni 73,1 kwa kutayarisha kazi ile. Mwezi wa 10, 2015 ulifika ukapita. Mwezi wa 7, 2016, Banki ya Dunia ilisimamisha feza yake. Mwaka wa 2025 imerudi, na feza mupya ya kutayarisha. Labda safari hii ni kweli, hatuombei inchi mabaya. Lakini kila safari kichwa cha habari kilikuwa na furaha sawa, na sehemu kubwa ya wakaaji wa Kinshasa walikisoma kwa mwangaza wa mushumaa, kisha wakazima juu mushumaa unauzwa.

Angalia tena jambo moja mu hadisi hiyo. Siku ya kutangaza, waandishi walijaa ukumbi. Siku yenye kazi ilipaswa kuanza na haikuanza, hakuna mutu alialika waandishi. Kitu chenye hakikufanyika hakina sherehe wala tangazo, wala musemaji wa kukielezea. Wakubwa wa inchi, hapa na kote duniani, wanajua hiyo vizuri sana: «ta» inalipa siku ya kutangaza, na siku ya deni watu wameshasahau.

Mwenye duka wa kwetu hasahau. Iko na kaye ya madeni nyuma ya kontware. Hachukii mukopaji, anamusalimia vizuri, anamuuliza habari ya watoto. Lakini aliandika jina, kitu na siku. Tunapenda kila nyumba ifanye kaye ya namna hiyo kwa habari. Kaye ya shule ya franka kidogo inatosha. Mutu akisema «ta», andika: nani, nini, tarehe gani. Tarehe ikifika, fungua.

Sisi tulianza yetu na Doha. Tarehe 19 mwezi wa 7, 2025, serkali na AFC/M23 walisaini pale maneno ya musingi. Mulikuwa tarehe ndani: mazungumuzo yataanza mbele ya tarehe 8 mwezi wa 8, masikilizano ya amani yatasainiwa mbele ya tarehe 18. Tarehe 18 ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Ilipita, hakuna masikilizano yalisainiwa, na kesho yake redio zilikuwa na mambo mengine. Tarehe 15 mwezi wa 11, walisaini karatasi ingine, na magazeti mengi yakaandika tena kama amani imesainiwa. Tulifungua tukasoma ndani: karatasi ile ilikuwa kichwa cha karatasi 8. Mbili zilikuwa zimekwisha kusainiwa, ya wafungwa na ya kuchunga kusimamishwa kwa vita. Zingine 6, na ndani yao mulikuwa ya wakimbizi kurudi ku vijiji vyao, zilibaki za kuzungumuzwa. Mu kaye tukaandika hivi: 2 zimesainiwa, 6 bado.